Gauni Lililomkaa Sawasawa

Sketi ilimwanguka Drusilla mbele ya wateja, saa ya chai ya asubuhi, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika sufuria ya maharagwe. Haikuanguka ghafla. Ilianza kuteleza alipotoka jikoni, akaihisi, akabana mapaja na kwenda mwendo wa bata hadi mezani, na alipoinama kuweka sufuria, pini iliyoibana kiunoni ikaachia. Ndani alikuwa na petikoti, kwa hiyo hakuna aliyeona kisichofaa kuonekana. Lakini wale makuli wa lori la chai waliokuwa wakingoja maharagwe walikazia vikombe vyao macho kana kwamba nzi ameingia, na huko kutazama pembeni ndiko kulikomchoma. Zamani wangecheka, naye angecheka kuliko wao wote. Sasa walinyamaza, maana mgonjwa hachekwi.

Na Drusilla hakuwa mgonjwa. Hilo ndilo jambo ambalo mji mzima wa Kedowa haukutaka kulisikia. Ugonjwa alikuwa nao zamani, alipokuwa mnene: kichwa kikimgonga, miguu ikimvimba, pumzi ikimkatika njiani kutoka mtoni. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia presha imepanda, apunguze mwili, aache mafuta na sukari, la sivyo moyo utasimama kama ulivyosimama wa mama yake, aliyeanguka na mzigo wa kuni mgongoni. Drusilla akafanya jambo ambalo wagonjwa wachache hulifanya: alimsikiliza daktari. Akapunguza ugali, akaacha nyama ya mafuta, akanywa chai bila sukari katika hoteli yake mwenyewe, huku akiwaandalia wengine mandazi. Kichwa kikapoa. Miguu ikarudi kuwa miguu. Akawa anapanda kutoka mtoni bila kupumzika popote.

Lakini unene ule ndio uliokuwa kibao cha hoteli yake. Mpishi mnene watu humwamini bila kuonja. Mpishi anayekonda siku hadi siku, tena haonekani akila, huyo wanamfikiria mara mbili. Wengine walisema ni kifua kikuu. Wengine walisema Mogaka, mumewe, amepata mwanamke huko kwenye shamba la chai anakoendesha lori, na mshahara wote unaishia huko. Drusilla aliwaona wateja wakifuta ukingo wa kikombe kwa pindo la shati kabla ya kunywa. Mama mmoja wa Kikipsigis aliyemletea maziwa, Tapsabei, alikuwa akimtazama kwa huruma kila asubuhi na kumpa pole kwa lafudhi yake, "Bole, mama. Bole sana," kisha akiondoka haraka, bila kukaa kupiga soga kama zamani.

Alikuwa amezoea watu wakae. Sasa jioni akifunga mlango wa hoteli, hakuna aliyembakia ila redio.

*

Jumamosi hiyo Mogaka alikuja nyumbani kwa Sabato, na jua lilipotua akamwita mkewe na binti yao wakae. Bochaberi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kipkelion, msichana mpole, mwenye sauti ya kusikika darasani na isiyosikika nyumbani. Alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Osoro, karani wa reli, na kila aliposikia jina hilo alikuwa akitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Mogaka alisema wageni watakuja Jumapili, wiki mbili kutoka kesho. Kijana mwenyewe haji, kwa kuwa haifai amwone mama mkwe kabla ya wakati. Anayekuja ni mama yake pamoja na esigani. Huyo esigani, kwa Wakisii, ni mtu wa kati anayetumwa kuchunguza ukoo kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini: kama kuna wachawi, kama kuna wezi, kama kuna ugonjwa unaorithiwa. Akirudi na kusema hapana, basi ni hapana, hata kama kijana atalia machozi ya damu. Na esigani huyu alikuwa mama mzee anayeitwa Bitutu, ambaye nyumbani Kisii walisema jicho lake halipitwi na kitu.

"Ameshauliza watu huko nyumbani," alisema Mogaka. "Wamemwambia mama ya msichana ni mtu mwenye mwili. Mtu mkubwa, mwenye hoteli. Sasa akuje apate hii."

Alimwonyesha Drusilla kwa kidevu, kama anayeonyesha paa linalovuja.

"Atapata mtu mwenye afya," alisema Drusilla.

"Atapata kifua. Na msichana wa mama mwenye kifua, nani atamchukua?"

Mogaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, na mwanamume akiogopa huanza kutoa amri. Alimsukumia mkewe sahani ya nyama. Alimwambia ale, ni wiki mbili tu, halafu arudie mambo ya daktari wake. Drusilla alimweleza kwa utaratibu kwamba mwili hauji kwa wiki mbili, unaokuja kwanza ni uvimbe, kisha kichwa, na kwamba yeye hataki kumfuata mama yake. Alieleza vizuri. Alipomaliza alimtazama binti yake, kwa sababu binti alikuwa amesoma, na aliyesoma angeelewa.

Bochaberi alikuwa akivuta uzi uliotoka kwenye kitambaa cha meza. "Mama," alisema bila kuinua macho, "kwani chakula kidogo tu itakudhuru?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimuumiza Drusilla zaidi. Kama angesema kwa ubaya, angekuwa na la kumjibu.

*

Akiwa peke yake Drusilla alifikiri sana, akafikia uamuzi kwamba kosa si la mwili. Kosa ni la nguo. Mtu mwembamba aliyevaa nguo zinazomkaa ni mtu mwembamba tu, wako wengi, hata wazungu wa kwenye mashamba ya chai. Mtu mwembamba aliyevaa nguo za mtu mnene ndiye anayeonekana ametoka kaburini. Yeye tangu apungue alikuwa bado anavaa magauni yaleyale, ameyakunja kiunoni na kuyabana kwa pini. Nani asingesema ni kifua? Akipata gauni moja linalomkaa sawasawa, Bitutu atamwona mama mwenye afya, na Bochaberi ataolewa. Wazo hilo lilimpa nguvu hata akaosha sufuria zote akiimba.

Fundi wake alikuwa Ogola, Mjaluo aliyeshona kwenye baraza ya duka mkabala na hoteli. Alimshonea Drusilla tangu Bochaberi akiwa mgongoni, na alijivunia kwamba vipimo vya wanawake wote wa Kedowa viko kichwani mwake, hana haja ya kumzungushia mtu utepe. Drusilla alimpelekea kitambaa cha maua na kumwambia safari hii apime. Ogola alikataa kwa adabu. Alisema mama anamwaibisha, yeye anajua kazi yake.

Alipokwenda kulichukua gauni, akalijaribu nyuma ya pazia la fundi. Gauni lilimmeza. Makwapa yalifika kwenye mbavu, na kiuno kilikuwa cha watu wawili.

"Ogola, hii umeshonea nani?"

Fundi aliinamisha kichwa juu ya cherehani, akaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Nimekuachia nafasi, mama," alisema polepole. "Ya mwili kurudi. Nikishona ndogo, ni kama mimi nasema hautapona."

Drusilla alitaka kukasirika akashindwa. Ogola alikuwa amemfanyia wema mkubwa aliouweza. Alimshukuru, akalikunja gauni, na akaenda nyumbani akijiona mpweke kuliko siku ile sketi ilipomwanguka. Ni vigumu kupigana na watu wanaokuombea upone kitu ambacho huna.

Siku ya soko alipanda basi mapema akaenda Kericho, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Zamani safari za nguo alikuwa akienda na wifi yake Nyambeki, dada ya Mogaka, mke wa nyapara kwenye shamba la chai, naye mnene kama yeye. Walikuwa wakiingia duka hadi duka wakishikana mikono, wakipigana utani juu ya makalio yao, wakimaliza na soda. Tangu apungue Nyambeki hakumwalika tena. Alisema ana kazi nyingi.

Katika duka la mama mmoja wa Kihindi, Drusilla alijaribu gauni la kwanza, likambana mabega. La pili lilikuwa la msichana. La tatu lilikuwa la krimplini, buluu iliyoiva, na kola ndogo nyeupe, na mkanda wa kitambaa hichohicho. Alilivaa, akafunga zipu, akageukia kioo.

Lilimkaa. Mabega yalikaa penye mabega, kiuno penye kiuno, na pindo likaangukia chini ya goti bila kuvuta wala kulegea. Drusilla aliona shingo yake, ambayo hakuijua kuwa ndefu. Aliona mwanamke wa makamo, mwenye mgongo ulionyooka, ambaye angeweza kuwa mwalimu mkuu au mke wa mchungaji. Alifurahi. Akageuka amtafute mtu wa kumwonyesha, na hakukuwa na mtu ila mwenye duka, aliyekuwa akimpimia mteja mwingine kitambaa cha mashuka.

"Naonekana aje, mama?" aliuliza Drusilla.

Mwenye duka alimtupia jicho juu ya miwani. "Mzuri, mzuri. Lakini wewe kwisha konda sana. Chukua ile kubwa kidogo, mama. Mwili takuja rudi."

Drusilla alilivua, akaomba lifungwe kwenye karatasi, na akalilipia bila hata kupatana bei. Ndani ya basi alilipakata njia nzima.

*

Jumapili ya wageni Nyambeki alikuwa amekwishafika tangu jana yake kusaidia. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na moyo usio na hila, ila alipenda kukaa kuliko kusimama, na hivyo kusaidia kwake kulikuwa ni kukaa sebuleni kwenye kiti chenye mito na kusema chumvi iongezwe. Wageni waliambiwa saa sita. Drusilla alivaa gauni lake tangu asubuhi, akafunga leso juu yake ili lisichafuke, akaingia jikoni. Alikuwa amepanga kila kitu: atapika, atafungua leso, ataketi kwenye kile kiti chenye mito, mgongo umenyooka, na ataongea na Bitutu kama mama anayemtoa binti. Aliurudia mpango huo kichwani huku akisonga ugali wa wimbi, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Wageni walipata msaada wa lori, wakafika mapema. Drusilla alisikia hodi, akasikia viti vikisogezwa, akafungua leso haraka, akajipangusa uso, akachukua sinia ya chai ili asiingie mikono mitupu. Alipofika mlangoni mwa sebule, Bitutu alikuwa amekwishamshika Nyambeki mikono yote miwili.

"Ni wewe kabisa," mzee alikuwa akisema, huku mama yake Osoro akitabasamu nyuma yake. "Tuliambiwa mama ya msichana ni mtu wa kujaza kiti, na kweli amekijaza. Mungu asifiwe. Nyumba yenye mama kama huyu haina shida."

Nyambeki alicheka, kwa kuwa hakujua la kufanya, akamtazama kaka yake. "Karibuni," alisema, neno ambalo si ndiyo wala si hapana. Mogaka alitazama viatu vyake.

Drusilla alisimama na sinia akingoja. Neno moja tu lingetosha, la mtu yeyote. Wangecheka wote, wangemwonyesha Bitutu mama halisi, na kosa lingekuwa utani wa kuanzia mazungumzo. Mogaka hakulisema. Nyambeki hakulisema. Drusilla akamtazama Bochaberi, aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, na akaona binti yake anainua macho polepole, anatazama gauni la buluu, anatazama mifupa ya shingo iliyo juu ya kola nyeupe, kisha anawatazama wageni.

"Weka hapa, Drusilla," alisema Bochaberi.

Tangu azaliwe hakuwahi kulitamka jina hilo. Mtoto wa Kikisii hamwiti kwa jina aliyemzaa, hata akiwa amekasirika, hata akiwa mlevi. Drusilla alihisi kama ameitwa na mtu asiyemjua barabarani. Akaweka sinia pale alipoonyeshwa, akamimina chai, akampa Bitutu kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, akarudi jikoni.

Angeweza kusema. Alijua hivyo alipokuwa akikata ugali, alijua hivyo alipokuwa akipakua kuku. Lakini kila dakika iliyopita ilifanya ukweli kuwa ghali zaidi. Mwanzoni ungeonyesha tu kwamba Bochaberi ana mama mwembamba. Sasa ungeonyesha kwamba ana ukoo mzima wa waongo waliomdanganya esigani machoni. Kwa hiyo alipeleka kuku, akapeleka maji ya kunawa, akapeleka taulo. Hakuna aliyemtambulisha na hakuna aliyeuliza. Kutoka jikoni alimsikia Nyambeki akiulizwa alivyomlea Bochaberi, na akamsikia akijibu, kwanza kwa kujikwaa, baadaye kwa raha, kuhusu surua iliyokaribia kumuua mtoto na safari ya hospitalini kwa mguu kwenye mvua. Ilikuwa kweli yote. Nyambeki alikuwa ameisikia kwa Drusilla.

Mogaka aliingia jikoni akijifanya anatafuta kisu.

"Ni leo tu, Mama Bochaberi," alinong'ona.

"Na siku ya harusi?"

Mogaka alisimama na kile kisu mkononi. Ilionekana hajafika huko katika mawazo yake. Akarudi sebuleni.

*

Mambo yalikwenda vizuri. Hilo Drusilla alilijua kwa vicheko, na kwa jinsi mama yake Osoro alivyoanza kumwita Nyambeki mama mkwe mwenzangu. Kisha akasikia hatua, na Bitutu mwenyewe akaingia jikoni. Ilikuwa kawaida yake. Esigani asiyetazama jiko hajatazama nyumba. Bochaberi alimfuata nyuma, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo.

Mzee alichungulia sufuria. Alikula jani moja la chinsaga, ile mboga chungu ya Kikisii, kwa vidole, akatafuna taratibu.

"Umeiweka maziwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Ikalala nayo, nikaichemsha tena."

"Hivyo ndivyo inapikwa. Wasichana wa siku hizi hawajui." Bitutu alijipangusa vidole, halafu akamtazama Drusilla vizuri, kutoka juu hadi chini na kurudi juu, na Drusilla akasimama wima bila kujua kwa nini. "Gauni yako imekukaa sawasawa. Nani alikushonea?"

"Nilinunua Kericho, mama."

"Imekukaa kabisa. Wanawake wamezoea kuvaa magunia."

Alikuwa mtu wa kwanza kusema. Drusilla alihisi machozi yakimjia, akageuka kusogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Alimpenda yule mzee kwa sekunde hiyo kuliko alivyompenda mtu yeyote ndani ya nyumba yake.

"Uko na watoto?" aliuliza Bitutu.

"Niko na mmoja. Msichana."

"Ameolewa?"

Mlangoni Bochaberi hakusogea. Macho yake yalikuwa yakimsihi mama yake, na Drusilla aliyatazama muda mrefu, macho aliyoyaosha usaha wa surua kwa pamba na maji ya chumvi. Yalikuwa yakimsihi anyamaze.

"Karibu aolewe," alisema Drusilla.

"Mungu akuweke umwone." Mzee alisema kwa upole, kama mtu asiye na hakika sana na jambo hilo, akampapasa mkono. Kisha akakumbuka shughuli zake, uso ukachangamka. "Sasa sikiza. Sisi tumeridhika na hii nyumba. Siku ya harusi kutakuwa na watu wengi, na chakula kama hii sijakula siku nyingi. Wewe ndiye utatupikia."

"Nitakuja, mama," alisema Drusilla. "Wakinialika."

Bitutu alicheka, akamgeukia msichana. "Umesikia? Mtamwalika?"

 Bochaberi alimtazama mama yake, gauni, kola, mikono iliyojaa masizi.

"Tutamwalika," alisema.